Vijumba Vitatu Vitupu

Hakuna jambo linaloweza kunishangaza mimi. Nilikuwa nikisema hivyo kila siku, dukani, kanisani, hata kwenye mikutano ya wazazi, na niliona nina haki ya kusema. Mtu aliyeacha shule darasa la saba, akakata miwa ya watu kule Navakholo mpaka viganja vikawa vigumu kama ngozi ya ngoma, kisha leo hii vitabu vya wasomi haviingii chuoni kabla havijapita mikononi mwake, mtu huyo utamshangaza na nini?

Duka langu liko Kakamega mjini, hatua chache kutoka lango la chuo. Nilianza na kompyuta moja ya mtumba na mashine ya fotokopi iliyokuwa inakwama kila karatasi ya kumi. Sasa nina kompyuta sita, fotokopi mbili kubwa, kikata karatasi cha chuma ambacho hukata kitabu kizima kwa mkupuo mmoja, na mashine ya kupiga herufi za dhahabu kwenye jalada. Hiyo ya dhahabu, kwa miaka mingi, ilikuwa yangu peke yangu upande ule wa mji.

Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho lazima aandike projekti, yaani kitabu cha utafiti wake, na kitabu hicho lazima kipangwe kwa sheria. Ukingo wa kushoto uwe mpana kuliko wa kulia kwa sababu gundi na uzi vitakula sehemu yake. Kurasa za mbele zihesabiwe kwa tarakimu za Kirumi, na sura ya kwanza ianze na moja ya kawaida. Kichwa cha jedwali kikae juu ya jedwali, lakini kichwa cha picha kikae chini ya picha. Majina ya vitabu vilivyotumika yapangwe kwa alfabeti, mstari wa pili uingie ndani kidogo. Kosa moja tu, mwanafunzi anarudishwa. Nimewaona wasichana wakilia kwa sababu ya namba za kurasa. Nimeona jamaa mwenye alama nzuri za hesabu akishindwa kuondoa ukurasa mmoja mtupu katikati ya kitabu chake, mpaka akaniletea mimi, niliyeishia darasa la saba, nikauondoa kwa kidole kimoja huku nikiongea kwa simu.

Kiingereza chao sikukielewa chote, na sikujali. Nilikuwa nasoma ukurasa kama mkata miwa anavyosoma shamba. Hahesabu mashina. Anatazama mstari, anajua pale pamekaa sawa na pale hapajakaa. Mimi nilitazama umbo. Nilipokuwa nimemaliza, ukurasa wangu ulikuwa umenyooka kama boma lililofagiliwa asubuhi ya harusi. Walimu walikuwa wanawaambia wanafunzi, mpelekeeni yule mzee wa dhahabu. Nilikuwa sijafika hata miaka hamsini, lakini waliniita mzee kwa heshima, nami niliipokea.

Kulikuwa na kazi nyingine ambayo haikuandikwa kwenye bango la duka. Tuliiita kupika. Mwanafunzi anakuja na jedwali lenye mapengo. Labda hakwenda shambani kupima mahindi yake wiki mbili, labda alikuwa na mpenzi Kisumu, labda hakutaka kunyeshewa. Ananiambia kwa sauti ya chini, "Mzee, hapa nisaidie." Nami nilikuwa na namna yangu. Nachukua namba ya juu, nachukua namba ya chini, natafuta ya katikati, kisha naisogeza kidogo isionekane imenyooka sana. Namba ya kweli haikai katikati kabisa, hiyo nilijifunza kwa kutazama. Walikuja wengi na walimaliza chuo wengi. Wengine leo ni maafisa, wananisalimia barabarani. Sikuona ubaya. Niliona ukurasa wenye shimo, nikaziba shimo.

Sasa, binti yangu.

Ni mzaliwa wangu wa kwanza, na nilimpa jina la mama yangu, kwa hiyo tangu azaliwe namwita Mama. Naye tangu aanze kuongea amekuwa akiitika kama mama wa mtu kweli, polepole, bila haraka. Katika ukoo wetu wote, upande wangu na upande wa mke wangu, hakuna aliyewahi kuingia chuo kikuu. Yeye aliingia, tena kusomea sayansi ya maji, na kwa chuo kile kile kilicho mbele ya duka langu. Siku alipopata barua ya kuitwa niliitengenezea fotokopi kubwa ya rangi, nikaibandika ukutani juu ya mashine ya dhahabu. Kila mteja aliyeingia aliisoma, na asiyeisoma nilimsomea.

Utafiti wake wa mwaka wa mwisho ulikuwa juu ya chemchemi tatu za Navakholo. Pale kwetu miwa imefika mpaka kwenye ukingo wa maji, na yeye alitaka kujua mbolea ya miwa inaingia kiasi gani kwenye maji ambayo watu wanakunywa. Chemchemi mojawapo ni ile iliyo chini ya boma la mama yangu, ambayo nimeteka maji yake tangu nikiwa na kibuyu cha kitoto. Kila Jumanne, wiki baada ya wiki, alipanda boda na chupa zake, akateka, akazipanga ndani ya sanduku lenye barafu aliyonunua kwa wauza samaki sokoni, akazikimbiza maabara kabla hazijapata joto. Akichelewa, maji yale hayafai tena. Mama yangu alikuwa akimsubiri njiani na kikombe cha uji. Majirani walidhani msichana anauza soda.

Wiki ya sita ilipokuwa inaisha, mama yangu akafariki.

Maiti ilitolewa mochari Jumatatu ya wiki ya saba ikaletwa nyumbani, mazishi yakawa Ijumaa. Jumanne asubuhi nilimkuta binti yangu nyuma ya jiko anasuuza chupa. Aliniambia ni nusu saa tu, atateka na boda itazipeleka. Nilikuwa nimechoka, sikuwa nimelala, hema lilikuwa linavuja, na wazee wa ukoo walikuwa wamekaa pale wanatazama kila kitu. Nilimwambia mbele ya watu kwamba aliyebeba jina la marehemu hatatoka kwenye boma hili na machupa wakati marehemu amelala sebuleni. Maneno niliyatoa kwa ukali. Alimwaga yale maji ya kusuuza, akaziweka chupa ndani ya kikapu, akaenda kumenya viazi na wanawake wengine. Wiki hiyo maji ya chemchemi ile yalibebwa kwa mapipa kupikia waombolezaji, na hakuna aliyeyapima.

Walimu wake wawili walikuja mazishini. Mmoja ndiye aliyekuwa msimamizi wa utafiti wake, mtu mpole, mwembamba, anayeongea kama anaomba ruhusa. Alipopewa kipaza sauti aliwapa pole wafiwa, kisha akasema amemwambia mwanafunzi wake asihangaike na vipimo wakati huu, wiki moja haiharibu utafiti, ataandika tu wazi kwamba hakupima na kwa nini. Nilikuwa nimesimama karibu naye, bega kwa bega. Nilisikia. Nikashukuru. Kisha nikageuka kuangalia kama chakula cha walimu kimeandaliwa vizuri, na yale maneno yakaenda yalikokwenda.

Miezi ikapita. Mwezi wa kukabidhi projekti ulipofika, binti yangu alikuwa ameandika kitabu chake chote kwenye kompyuta ya rafiki yake, na alikuwa anataka kukipanga mwenyewe. Jambo hilo liliniuma. Watoto wa watu wanatoka mpaka Mautuma kuja kupangiwa vitabu na baba yake, yeye anakaa kwa rafiki kuhangaika na kingo za karatasi?

"Baba, nataka tu nijue kila kitu kilichoko ndani," akaniambia.

"Utajua. Utakisoma kikiwa na dhahabu."

"Dhahabu siyo inayosomwa."

"Wewe lete hiyo flashi, Mama."

Alicheka, akanipa. Alitaka nimrudishie aangalie kabla ya kushona. Nilimwambia sawa. Lakini nilikuwa na mipango yangu. Wenzake siku ya kujitetea mbele ya walimu huenda na nakala zilizotiwa spairo ya plastiki, jalada gumu huja baadaye, baada ya masahihisho. Mimi nilitaka wangu aingie na jalada gumu siku hiyo hiyo, la bluu nzito, dhahabu mgongoni. Nilitaka mwalimu akipokea aulize, hiki kimetoka wapi? Naye ajibu.

Nilikifanyia kazi siku tatu, na wateja nikawaambia wasubiri. Sijawahi kupanga kitabu kama kile. Kila kichwa kilikaa mahali pake. Michoro yake ya mistari niliipa rangi zinazopatana. Kisha nikafika jedwali kubwa la sura ya nne. Wiki ziliteremka upande wa kushoto, chemchemi tatu zilikaa juu, na katikati yalijaa matokeo. Mstari wa saba ulikuwa na vijumba vitatu ambavyo ndani yake hapakuwa na kitu ila kistari kidogo. Chini ya jedwali kulikuwa na maelezo ya herufi ndogo, mistari miwili, na ile mistari miwili ndiyo ilikuwa inausukuma mstari wa mwisho wa jedwali kuangukia ukurasa wa pili.

Nimejiuliza mara nyingi kama niliyasoma yale maelezo. Sikuyasoma. Niliyaona. Niliona mistari miwili inayovunja jedwali la binti yangu vipande viwili, na meno matatu yaliyong'oka katikati. Sikufikiria mama yangu. Sikufikiria zile chupa nyuma ya jiko. Nilifikiria kwamba labda mvua ilinyesha siku hiyo, labda boda ilikosekana, na kwamba mtoto wa mwenye duka hili hawezi kwenda mbele ya walimu na mapengo wakati watoto wa wengine, wavivu, wanakwenda na majedwali yaliyojaa. Nikachukua ya juu, nikachukua ya chini. Mara tatu. Maelezo nikayafuta. Jedwali likakaa kwenye ukurasa mmoja kama limezaliwa hapo.

Nikashona nakala tano. Nilimkabidhi asubuhi ya siku yenyewe, zikiwa ndani ya karatasi ya kufungia zawadi. Aliniuliza mbona sikumrudishia aangalie kwanza, nikamwambia gundi ilihitaji kukauka. Aliupapasa ule mgongo wa dhahabu, jina lake, jina la bibi yake. Akanishukuru vizuri. Nilimtazama akivuka lango, nikawaambia waliokuwa kwenye foleni ya fotokopi, yule ni wangu.

Yaliyotokea ndani ya chumba kile alinisimulia yeye mwenyewe alasiri dukani, akiwa amesimama, kwa sababu alikataa kiti. Alisema aliongea vizuri. Walimu walitikisa vichwa kukubali. Kisha msimamizi wake, yule mpole, akafungua sura ya nne, akakaa na ukurasa ule muda mrefu, akamuuliza alipima saa ngapi Jumanne ya wiki ya saba. Binti yangu akajibu kwamba wiki ya saba hakupima. Yule mwalimu akakigeuza kitabu, akamsogezea.

"Wiki ya saba ulitoa wapi, Baba?"

Nilimwambia nilirekebisha tu jedwali lisikatike.

"Nilikuwa na maelezo pale chini."

"Yalikuwa yanasukuma ukurasa."

Ilikuwa saa ya shughuli nyingi, mashine zote mbili zinanguruma, mwanafunzi mmoja anadai chenji yake. Aliinua macho akatazama ile barua yake ya chuo ukutani.

"Ile wiki ni wewe ulinikataza," akasema. "Mbele ya watu wote. Na yeye alikuwa amelala pale ndani."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Sitasema nilishangaa, maana si neno lake. Ilikuwa kama mtu ameingiza mkono ndani ya kikata karatasi akidhani kimezimwa.

Chuoni hawakumfukuza papo hapo. Kubuni matokeo ni kosa kubwa kwao, kubwa kuliko kufeli, lakini msimamizi wake alimpigania. Alikuwa amekaa kwenye hema letu, alijua binti yule hangeweza kuandika uongo juu ya wiki ile kwa kitabu ambacho yeye ndiye atakisoma. Wakakubaliana hivi: amlete aliyepiga chapa, aje aeleze mbele ya kamati kwamba namba zile aliziweka yeye bila mwanafunzi kujua. Akieleza, vijumba vitarudishwa vitupu, maelezo yatarudishwa, na binti atamaliza na wenzake. Alhamisi, saa nne.

Nilisema nitakwenda. Nilikuwa na nia ya kwenda na nilikwenda. Nilivaa koti langu la harusi. Njiani, maana ni kuvuka barabara tu na kupanda ngazi, binti yangu alinishika mkono kama alivyokuwa akinishika akiwa mdogo tukienda sokoni, akaniambia niseme polepole, kwa Kiswahili, wataelewa.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, kando yake msimamizi, kando yake mwalimu wa tatu aliyekuwa akiandika kila kitu. Na nyuma yao kabati la vitabu, kutoka sakafuni mpaka dari. Projekti za miaka yote. Nilizijua. Nilijua migongo yangu kama mtu anavyojua ng'ombe wake kwenye kundi la watu. Ile dhahabu iliyoinama kidogo ni ya mwaka mashine ilipolegea. Ile ya kijani ni ya jamaa wa mahindi, ambaye nilimpikia nusu ya sura. Ile nyekundu, ile nyeusi, zile mbili zilizobanana. Ukuta mzima ulikuwa unanitazama.

Mwenyekiti alinikaribisha kwa heshima. Alinipa pole kwa kufiwa na mama yangu. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo. Hakuanza na wiki ya saba.

"Mzee, hii kazi ya kujaza namba, huwa unawafanyia na wanafunzi wengine?"

Yule wa kuandika akainua kalamu.

Nilijua jibu moja linavuta lingine. Nikisema nilijaza za binti yangu, wataanza kutoa vitabu kwenye kabati, kimoja kimoja. Watu wale barabarani wanaonisalimia. Duka. Kompyuta sita. Jina, maana jina ndilo nililokuwa nalo, sikuwa na cheti. Nilikaa pale ndani ya koti la harusi na jasho likinitiririka mgongoni, na miaka yangu yote ya kujisifu ikanijia mdomoni kwa sauti ya mtu mnyonge ambaye sikuwahi kumsikia.

"Mimi ni mtu wa kupiga chapa tu, mwalimu," nikasema. "Sikusoma. Naandika kile nimepewa."

Msimamizi alivua saa yake, akaivaa tena. Mwenyekiti akamgeukia binti yangu, akamuuliza ana la kusema. Binti yangu alikuwa anatazama mikono yake. Angeweza kunivua nguo pale. Alikuwa na flashi yake mfukoni, ile ile aliyonipa, bado na kitabu kama alivyokiandika yeye, na maelezo ya mistari miwili. Niliijua iko pale, nilikuwa nimemwona akiitia asubuhi.

"Kama baba amesema hivyo," akajibu, "ni hivyo."

Aliambiwa arudie utafiti wote, kutoka wiki ya kwanza. Mwaka mzima. Wenzake walipovaa majoho mimi nilikuwa na kazi nyingi kuliko mwaka wowote, nikipiga picha zao katika fremu na kuwachapia kadi za sherehe, na kila aliyeingia na joho aliisoma ile barua ukutani, akaniuliza yuko wapi. Siku ya pili niliibandua.

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alihamia Khayega kwa dada ya mama yake, ambaye ana kibanda cha kuuza nguo za mtumba, akawa anamsaidia siku zote ila Jumanne. Jumanne alikwenda Navakholo na chupa zake. Watu wa nyumbani walinipigia simu kuniambia wamemwona. Anafika, anateka, anafunga sanduku, anaondoka. Walimwita aingie kwenye boma apumzike, akawaambia maji yatapata joto. Mke wangu alikuwa akienda Khayega kumwona kila wiki ya pili na akirudi haniambii chochote, na sikuuliza. Tulikuwa tunakula ugali, kila mtu anatazama sahani yake kama mtu anayesoma.

Mwezi mmoja baada ya kamati ile, mwanafunzi mmoja aliniletea jedwali lenye mapengo na kuniambia, mzee, hapa nisaidie. Nilimsaidia. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu mtu akisimulia mambo kama haya anapenda kusema kwamba siku hiyo hiyo aliacha. Mimi sikuacha siku hiyo. Nilipika yake, na ya aliyemfuata. Ya tatu ilikuwa ya msichana aliyekuwa amepima samaki bwawani, akakosa wiki moja. Nilimuuliza alikosa kwa nini. Akasema alikuwa amefiwa na babake. Alisema kwa wepesi, kama anayetaja mvua. Nilimrudishia flashi yake nikamwambia aandike hivyo chini ya jedwali, kwa herufi ndogo, wataelewa. Alidhani nimeongeza bei kwa njia ya kuzunguka. Akaenda ng'ambo ya barabara.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na mama mmoja, zamani karani wa mahakama, aliyekuwa amefungua duka kama langu. Alikuwa amenunua mashine ya dhahabu pia. Nilikuwa nikimcheka kwa sababu herufi zake zilipanda upande kama mlevi anayekwea kilima. Baada ya mimi kukataa kupika, foleni ilivuka barabara polepole, kila muhula wachache zaidi. Kompyuta mbili nikaziuza. Hizo si hasara ninazozihesabu.

Kisha, karibu mwaka na nusu tangu siku ile ya koti, nilikuwa nimesimama mlangoni nikamwona binti yangu akitoka kwenye duka la yule mama. Alikuwa amekonda. Alikuwa amebeba kifurushi kifuani kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyobeba kitu ambacho gundi yake haijakauka vizuri. Aliniona. Aliinama kidogo, salamu ya heshima, kama unavyomsalimu mzee yeyote wa mtaa, akaingia langoni.

Nilingoja mpaka akapotea. Kisha nikavuka barabara, mara ya kwanza tangu duka lile lifunguliwe.

Yule mama alikuwa anafuta gundi vidoleni. Nilimwambia ninataka nakala ya kitabu alichokishona sasa hivi. Aliniangalia juu mpaka chini, si kwa ubaya, akasema kitabu ni cha mwenyewe, yeye hawezi kutoa nakala ovyo, hata kwangu. Nilijua anasema kweli, ingawa mimi mwenyewe ningeitoa. Akachukua simu, akampigia binti yangu. Alieleza kwa maneno machache nani amesimama mbele yake na anataka nini. Akasikiliza. Akakata.

"Amesema utengenezewe," akaniambia. "Ulipe kama wateja wengine."

Nilikaa kwenye benchi la wateja, mimi, nikasubiri. Alichapa, akapanga, akapaka gundi, akabana. Ukingo wa kushoto aliuacha mwembamba mno, na dhahabu ilipanda upande. Sikumsahihisha. Aliponipa, nilifungua sura ya nne nikiwa bado nimesimama pale kwenye kaunta.

Palikuwa na majedwali mawili. La pili lilikuwa la mwaka mpya, limejaa, wiki zote. La kwanza lilikuwa la mwaka ule wa zamani, hakulitupa. Mstari wa saba ulikuwa na vijumba vitatu vitupu, kila kimoja na kistari chake, na chini yake maelezo ya herufi ndogo, mistari miwili, ile ile. Nilimwomba yule mama anisomee kwa Kiswahili. Alisoma kwamba wiki ya saba vipimo havikuchukuliwa kwa sababu ya mazishi ya bibi wa mtafiti, ambaye alikuwa akiteka maji kwenye chemchemi ya pili. Mistari hiyo ilikuwa imesukuma jedwali mpaka mstari wake wa mwisho ukaangukia ukurasa unaofuata, na yule mama alikuwa ameuacha ulipoangukia.

Kwenye ukurasa wa shukrani nililitafuta neno baba, hilo nalijua hata kwa Kiingereza. Nilimaliza ukurasa, nikarudi juu nikaupitia tena kwa kidole, kisha nikafunga kitabu.

Nikamuuliza yule mama ni pesa ngapi. Alipiga hesabu kwa kalamu nyuma ya karatasi iliyoharibika, kurasa, rangi, jalada, dhahabu, na sikumwomba apunguze. Shilingi elfu moja, mia moja na arobaini.